Kusugua, Kusinga na Kuchubua: Historia Fupi ya Maneno ya Kutunza Ngozi ya Uso

Miongoni mwa istilahi za afya na za maarifa ya nyumbani zinazowasumbua wafasiri wetu imo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana ndogo. Ni ile itajayo kitendo cha kuondoa tabaka la juu la ngozi ya uso lililokwisha kufa, ili ngozi iliyo chini yake ipate kuonekana laini. Vitabu vya urembo, karatasi za maelezo zinazowekwa ndani ya makasha ya vipodozi, na hata masomo ya sayansi kimu yanahitaji neno la kitendo hicho. Aghalabu mfasiri huandika "kuchubua ngozi", kisha akaendelea na kazi yake. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kuwa tafsiri hiyo ina historia isiyoiruhusu kutumika hivyo, na kuwa kosa lake huweza kuonekana usoni mwa msomaji.

Yafaa kwanza tukieleze kitendo chenyewe. Ngozi ya binadamu hujijenga upya kutoka chini kwenda juu. Seli mpya huzaliwa katika tabaka la ndani, husukumwa juu polepole, hukauka, hufa, kisha huanguka zenyewe. Kwa mtu mzima safari hiyo huchukua yapata majuma manne, na huzidi kuwa ndefu kadiri umri unavyosogea. Kila siku, basi, uso hubeba seli zilizokufa ambazo zi tayari kuanguka lakini hazijaanguka. Kuziondoa kwaweza kufanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya msuguano: kitambaa, dodoki, au chembe laini kama za sukari. Ya pili ni ya kuyeyusha kile kinachozishikamanisha seli hizo, kwa asidi nyepesi kama ile iliyomo katika maziwa ya mgando, au kwa kimeng'enya cha papaini kilichomo katika utomvu wa papai bichi. Katika njia zote mbili, kinachokusudiwa ni kilichokufa tu. Ngozi iliyo hai haiguswi.

Pwani yetu ilikijua kitendo hiki kabla ya viwanda vya vipodozi kuwapo. Wanawake wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa walikuwa na singo, yaani mchanganyiko wa vitu vya kunukia vilivyosagwa, ambao maharusi husuguliwa mwilini siku za kuandaliwa. Viungo vyake hutofautiana nyumba kwa nyumba. Walikuwa na liwa, ule mti wa kunukia uliokuwa ukiletwa kutoka Bukini, na msio, jiwe ambalo juu yake liwa husagwa kwa kusuguliwa pamoja na maji. Walikuwa pia na dalia, unga wa rangi ya manjano wa kujipaka. Kitendo cha kumsugua mtu kwa vitu hivyo kiliitwa kusinga. Mjini Zanzibar, hamamu aliyoijenga Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, iliwapa hata watu wa kawaida nafasi ya kuoga kwa mvuke na kusuguliwa. Mtaa wenyewe ungali ukiitwa Hamamni.

Kile kinachotoka mwilini kwa msuguano huo nacho kina jina lake: nongo. Huu ni ule uchafu wa jasho, vumbi na ngozi iliyokufa ambao hujiviringa chini ya kiganja mtu anapojisugua. Lugha nyingi hazina neno moja la kitu hicho, wala hazilihitaji hadi mtaalamu alitunge. Sisi tunalo tangu zamani.

Maneno haya yaliingia katika Kiswahili sanifu kwa sababu inayojulikana. Askofu Edward Steere alipochapa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, lugha aliyoieleza ilikuwa ile ya Unguja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, ilijenga usanifu juu ya msingi wa lahaja hiyo hiyo, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kwa hiyo msamiati wa urembo uliosanifiwa ulikuwa ni msamiati wa nyumba za Unguja. Katika kamusi hiyo kitenzi chubua kimo pia, lakini maana yake ni kutoa ngozi kwa kuijeruhi, kama ifanyavyo kamba mkononi au kiatu kigumu kisiginoni. Maana ya kubadilisha rangi ya uso haimo kabisa.

Sasa na tutoke pwani. Tumechagua kuyapima maneno haya katika nchi ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kwa sababu mfasiri wa Dar es Salaam humwandikia pia msomaji wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Kiswahili kilifika huko kwa njia zaidi ya moja. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Kilwa ilikuwa ikifika ziwani na kuvuka kwa majahazi hadi Kota Kota, ambako watawala waliojulikana kwa cheo cha Jumbe walikuwa wameweka kituo cha biashara chenye asili ya pwani. Baadaye ikaja serikali ya Wadachi na karani wake wa Kiswahili. Wamisionari Wabenediktini walifungua kituo cha Peramiho mwaka 1898. Kwa upande wa ziwa, Wamisionari wa Vyuo Vikuu waliokuwa na makao Likoma tangu 1885 walitumia sana Kinyanja. Mmoja wao, William Percival Johnson, aliyeitafsiri Biblia kwa lugha hiyo, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Mwishowe shule, mahakama na chama vikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya wote, huku nyumbani watu wakiendelea kusema Kimatengo, Kinyasa, Kimanda na Kimpoto. Wilaya ya Mbinga yenyewe iligawanywa mwaka 2012 na sehemu ya ufukoni ikawa Wilaya ya Nyasa.

Twaona, basi, kwamba Kiswahili cha huko kilikuja na karani, mwalimu, padre na mfanyabiashara. Hakikuja na somo wala kungwi wa Unguja mwenye msio mkononi. Neno singo, ambalo mwanamke wa Ng'ambo hulisikia na kuinusa harufu yake, kwa msomaji wa milima ya Umatengo huweza kuwa neno la kamusini tu. Mfasiri akiandika "singa uso wako mara moja kwa juma", ameandika Kiswahili safi lakini huenda hakueleweka.

Hata hivyo msomaji huyo si maskini wa maneno. Maisha yake ya kazi yamempa vitenzi vya kuondoa ganda, na kila kimoja kina mahali pake. Ufukoni muhogo humenywa, na samaki mwenye magamba huparwa. Milimani mahindi hupukuchuliwa, na kahawa, zao ambalo limeitambulisha Mbinga kote nchini, hukobolewa. Mbuzi huchunwa, gome la mti huambuliwa, ukoko wa sufuria hukwanguliwa. Mtu akisema kuwa "anachuna muhogo", hata mtoto atajua kuwa amekosea, maana kuchuna ni kwa mnyama. Nguvu inayotumika, kitu kinachobaki, na kama kinachoondolewa kilikuwa bado sehemu ya mwili au la, yote hayo yamo ndani ya kitenzi. Katika safu hiyo, kuchubua kunasimama upande wa majeraha. Kinachochubuka hutoa damu au maji, na huuma.

Maana ya pili ya kuchubua ilizaliwa mijini, nayo ina historia ya kisiasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilikusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Mambo yaliyopigwa vita yalikuwa sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na dawa za kubadilisha rangi ya ngozi. Magazeti ya siku hizo yalibeba barua nyingi za kuunga mkono na za kupinga. Hatutaki hapa kuhukumu operesheni hiyo. Linalotuhusu ni kwamba ubadilishaji wa rangi ya ngozi ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kujadiliwa hadharani, nalo lilihitaji jina. Jina lililoshika katika vinywa vya watu ni kujichubua. Hukumu yao ilikuwa ndani ya neno: ajipakaye dawa hizo hajipambi, bali ajitoa ngozi. Dawa zenyewe, zilipoanza kuchanganywa pamoja mitaani, zikaitwa mkorogo, na neno hilo nalo halina sifa.

Watu hawakukosea. Vipodozi hivyo vingi vilikuwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari huweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka vipodozi chini ya mamlaka maalumu, na tangu 2019 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango. Viambato hivyo viwili vimo katika orodha ya vilivyokatazwa katika vipodozi.

Hapa ndipo tafsiri yetu inapogeuka kuwa jambo zito. Neno kuchubua sasa lina maana mbili kinywani mwa msomaji: kujeruhi, na kujipaka dawa za kubadilisha rangi. Karatasi ya maelezo ikimwambia msichana wa Mbamba Bay kuwa "kuchubua uso mara moja kwa juma ni vizuri kwa ngozi", ataelewa nini? Mmoja atadhani ameruhusiwa kujikwangua mpaka pawashe. Mwingine atadhani karatasi yenye lugha ya kitaalamu imeuhalalisha mkorogo ambao zahanati imemkataza. Na muuzaji wa mkorogo naye atafurahi kupata neno moja linalofunika biashara yake na ushauri wa afya kwa pamoja. Mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo, lakini neno halimwulizi mwandishi nia yake.

Tutumie neno gani, basi? Wako wanaopendekeza kung'arisha. Hatulikubali, kwa kuwa weupe na mng'aro ndio ahadi ya wauza mkorogo. Wako wanaopendekeza kumenya. Lina ubora wa kueleweka, lakini kimenywacho hubaki bila ganda lake lote, nalo ni jambo lisilotakiwa usoni. Kuondoa nongo ni Kiswahili cha asili na chafaa sana katika mazungumzo ya nyumbani. Kasoro yake ni kuwa nongo hubeba fikra ya uchafu, na hata ya nuksi katika lugha ya waganga. Kitabu cha sayansi hakipendi kumwambia kila msomaji kuwa ni mchafu.

Sisi tunaelekea kwenye kitenzi pukutika. Majani yaliyokauka hupukutika, na mti haujeruhiwi. Anayeutikisa mti ili yadondoke huyapukutisha, wala hachumi majani mabichi. Hivyo ndivyo seli za ngozi zilivyo: zenyewe hupukutika, nasi twaweza kuzipukutisha kidogo kabla ya wakati. Kwa hiyo tunapendekeza kupukutisha seli mfu, na nomino upukutishaji, kwa vitabu na mitaala. Kusugua kubaki kitenzi cha maelekezo. Kuondoa nongo kubaki katika mazungumzo, na kusinga kubaki na singo yake, kwa heshima ya mila iliyokizaa. Kuchubua kuachiwe majeraha na mkorogo, kama watu wenyewe walivyokwisha kuamua.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Huu hapa mfano wa maelekezo ya nyumbani yaliyoandikwa kwa maneno hayo:

"Ili kupukutisha seli mfu za uso, nawa kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Lowesha kitambaa laini, au changanya sukari iliyosagwa sana na asali. Sugua polepole kwa mizunguko midogo, kwa muda usiozidi dakika moja. Usikwangue. Suuza, kausha kwa kugusagusa, kisha jipake mafuta. Mara moja au mbili kwa juma yatosha. Usisugue palipo na jeraha, chunusi zilizovimba, au palipoungua. Mchanga wa ufukoni na jiwe la kusugulia nyayo havifai kwa uso. Usijipake maji ya ndimu kisha ukatoka juani, kwa maana yataunguza ngozi na kuacha madoa. Ukiona ngozi imechubuka, acha mara moja, na isipopona nenda zahanati."

Wasomaji watatambua kuwa katika maelekezo hayo kila kitenzi kimekaa mahali pake, na kuwa chubuka limetokea mara moja tu, nalo limetumika kama onyo. Walimu wa Mbinga na Nyasa, na wa kwingineko, tunawaomba wayasome maelekezo hayo mbele ya wanafunzi wao, wawaulize wameelewa nini, na watuletee majibu. Kama ufukoni au milimani kuna neno linalofaa kuliko pukutisha, Baraza halina sababu ya kulikataa kwa kuwa halikutoka Unguja.