Msitu Mkongwe na Mti Uliokomaa

Mwezi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo Kenya tangu Februari 2018, hoja iliyovuma ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni huku viwanda vya mbao vikikosa magogo na vijana wakikosa kazi. Serikali ilishikilia kwamba itakayokatwa ni misonobari, misaiprasi na mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya biashara, na kwamba misitu ya asili haitaguswa. Chama cha Wanasheria Kenya hakikuridhika, kikaenda mahakamani.

Katika ubishi ule, neno "kukomaa" lilitumika kana kwamba lina maana moja. Kwa bwana misitu, mti uliokomaa ni uliofika umri wa kuvunwa. Kila mwaka unaozidi hapo ni hasara. Kwa mwanaikolojia, msitu uliokomaa ndio kwanza unaanza kugeuka kuwa kitu kingine, kile ambacho Wamarekani hukiita old growth na ambacho Kiswahili hakijakipa jina moja.

Majina yanayoshindania nafasi hiyo yapo. "Msitu wa asili" ndilo linalosikika zaidi, lakini linaeleza chimbuko la miti, si umri wake. Msitu uliofyekwa na kuchomwa juzi juzi, ukachipua wenyewe kwa miti ya kienyeji, nao ni wa asili. "Msitu bikira" linadai kwamba binadamu hajawahi kuukanyaga, na hapo kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, zinaanguka mtihani mara moja. Watu waliishi ndani yake, wakazika humo na kufanya matambiko, na bado mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kama urithi wa dunia. "Msitu wa kale" linanukia makumbusho. Linalobaki ni "msitu mkongwe", na hili lina sifa nzuri: mkongwe ni mzee ambaye bado yu hai na anastahili heshima. Wazanzibari wamekwisha kuonyesha njia kwa Mji Mkongwe, unaolindwa ilhali watu wanaendelea kuishi na kuuza samaki humo.

Jina bila kipimo, hata hivyo, halimsaidii wakili wala bwana misitu. Kipimo cha kwanza kilichopata nguvu kilitoka Marekani, katika misitu ya Oregon na Washington. Mwaka 1981 mwanaikolojia Jerry Franklin na wenzake walitaja alama nne: miti mikubwa iliyo hai, miti mikubwa iliyokufa ikiwa imesimama, magogo makubwa yaliyolala ardhini na magogo makubwa yaliyolala mitoni. Alama tatu kati ya hizo nne ni maiti. Yaani kile kinachoitwa uozo na upotevu wa mbao ndicho kitambulisho chenyewe cha msitu mkongwe: ndimo wanamokaa viumbe, kuanzia kuvu hadi ndege wa kwenye mashimo ya miti. Miaka mitano baadaye zikaongezwa namba. Kwa msitu wa miti ya Douglas-fir, kila ekari iwe na angalau miti 8 yenye kipenyo cha zaidi ya inchi 32 au umri wa zaidi ya miaka 200.

Kipimo kilipopatikana, kesi zikafuata. Mwaka 1990 bundi mwenye madoadoa wa kaskazini, anayependa kutaga katika misitu hiyo, aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka uliofuata Jaji William Dwyer wa Seattle alisimamisha uuzaji wa miti katika misitu ya umma alimoishi ndege huyo. (Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hufikiria msiba, kule aliwalilia wenye viwanda vya mbao.) Mpango wa mwaka 1994 ukaweka masharti mapya kwa takriban ekari milioni 24 za ardhi ya serikali kuu.

Vita vya leo huko Marekani viko pembeni mwa msitu mkongwe. Sensa iliyotolewa mwaka 2023, kufuatia agizo la Rais Joe Biden, ilikadiria kwamba ardhi za umma zilizo chini ya idara mbili kuu zina ekari milioni 32 hivi za misitu mikongwe na milioni 80 za misitu iliyokomaa. Wapinzani wa ukataji wanaitetea zaidi hiyo milioni 80, kwa kuwa ndiyo itakayorithi nafasi ya mikongwe na ndiyo inayoikinga dhidi ya upepo na jua kali. Pendekezo la kitaifa la kulinda misitu mikongwe liliondolewa Januari 2025 kabla ya kupitishwa.

Anayetaka kuona jinsi ukataji unavyoudhuru msitu ambao haukukatwa aende Amani, Usambara Mashariki, nchini Tanzania. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliletwa huko mti wa Maesopsis eminii kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi haukuwa na madhara makubwa. Miaka ya 1970 na 1980 mashine zikaingia kuvuna magogo, zikafungua mapengo yenye mwanga, na hondohondo wakala matunda ya Maesopsis na kumwaga mbegu kote. Mti huo ukasambaa hata ndani ya msitu. Wanasayansi wakapiga kelele, ukataji wa kibiashara ukasimamishwa, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Angalia: "asilia", si "mkongwe". Na namba za Oregon haziwezi kuhamishiwa hapo zilivyo. Miti mingi ya tropiki haina pete za kuaminika za kuhesabia miaka, na gogo ambalo kule lingelala karne moja, huku mchwa hulimaliza mapema. Katika misitu ya pwani iliyoota juu ya mawe ya matumbawe, mti mzee unaweza kuwa mwembamba. Kipimo cha Usambara kingehesabu miti mikavu iliyosimama, misambu minene ya kienyeji na tabaka za vivuli, kisha kikaongeza alama ambayo Franklin hakuihitaji: uchache wa Maesopsis.