Mashimo ya Tumbi na Msako wa Polio

Nimestaafu kazi ya bwana afya hapa Tumbi, Kibaha. Zamani polio tuliitafuta kwa miguu. Unaingia mtaani, unawauliza akina mama: yupo mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla? Akipatikana, unachukua choo chake mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, kabla siku 14 hazijapita tangu alegee. Kopo linafungwa vizuri, linawekwa kwenye boksi la barafu, safari ya Entebbe, Uganda, kwenye maabara.

Kazi ile ilikuwa na maana na ingali nayo. Ila kwa wastani, kati ya watu 200 wanaoambukizwa polio, anayepooza ni mmoja tu. Waliobaki wanacheza mpira, wanakwenda madrasa na shule, huku wakitoa kirusi chooni kwa wiki kadhaa. Ukimwona aliyelemaa, kirusi kimeshatembea mitaa mingi.

Ndiyo maana wataalamu wakageukia majitaka. Mwaka 1939, polio ilipozuka Charleston, Marekani, John Paul na James Trask wa Chuo Kikuu cha Yale walichota maji ya bomba la majitaka wakawadunga kima, na kima wakapata polio.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Finland, nchi ambayo wazee wa Tumbi wanaijua. Mradi wa Nordic ulioanza mwaka 1963 uliletwa na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Humo ndimo ilimozaliwa Shule ya Sekondari Kibaha, chuo cha wakulima, na kituo cha afya ambacho leo ni hospitali ya Tumbi. Serikali yetu ilikabidhiwa mradi huo mwaka 1970. Basi Finland hiyohiyo, baada ya kukaa takriban miaka 20 bila polio, ilivamiwa mwaka 1984. Walioonekana kuugua walikuwa 10 tu. Majitaka yakaonyesha kwamba kirusi kimeenea nchini, na makadirio yakafika watu 100,000 walioambukizwa. Wakachanja karibu taifa zima.

Huku kwetu, Machi 2018 kirusi cha polio kilipatikana kwenye majitaka ya Eastleigh, Nairobi. Mwaka 2021 kikaonekana Kampala, kwenye sampuli za Lubigi na Bugolobi, na kampeni ya chanjo ya matone ikafuata nchi nzima. Sumbawanga haikubahatika hivyo: mwaka 2023, Rukwa, kirusi kilijulikana kwa mtoto aliyepooza.

Uchotaji wenyewe ni kazi ya alfajiri, watu wanapoamka na kwenda chooni. Ndoo inashushwa kwa kamba, inachotwa lita moja hivi, chupa inafutwa kwa dawa, inaandikwa tarehe na saa, inaingia kwenye barafu.

Sasa, ndoo hiyo inahitaji mahali ambapo choo cha wengi kinakutana. Tumbi hakuna mahali hapo. Nyumba nyingi zina shimo. Likijaa, mwenye uwezo anaita gari la majitaka. Asiye nao anawaita vyura, yaani watu wanaopakua choo kwa mikono, washuke wenyewe shimoni, au anasubiri masika atapishe choo usiku, uchafu uende na mvua hadi kwa jirani. Mabomba ya Dar es Salaam yakichunguzwa kila wiki, mtoto wa Tumbi au wa Kisarawe bado hamo katika hesabu hiyo.

Dawa yake naiona kwenye magari yaleyale. Kila gari limebeba choo cha kaya kadhaa, na dereva anajua amekitoa mtaa gani. Nawaomba wanaopanga uchunguzi huu wachote sampuli pale magari yanapomwaga kihalali, na daftari la dereva liandikwe mtaa. Nawe mzazi, mtoto wako akilegea ghafla, hata kama amemaliza matone yote, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.