Kutoka MartyrLoserKing hadi Neptune Frost: Kisa cha Kubuni Kilivyoundwa Upya Kigali

Katika mijadala ya bunilizi ya kisayansi barani Afrika, filamu ya Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Cannes mwezi Julai 2021, aghalabu huwekwa katika fungu la sanaa ya Wamarekani weusi. Uainishaji huo una msingi, kwa kuwa Williams ni mshairi na mwanamuziki wa Marekani na kisa kilianza kwake. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba kisa hicho kilipofika Kigali kilibadilika lugha, na kwa kubadilika lugha kikapata wenyewe wapya.

Kabla ya filamu, MartyrLoserKing ulikuwa mfululizo uliokusudiwa kuchukua sura kadhaa: albamu, kitabu cha michoro na mchezo wa jukwaani. Albamu, iliyotoka mwaka 2016, ilimhusu mdukuzi aishiye Burundi miongoni mwa mabaki ya kompyuta zilizotupwa. Burundi hiyo ilikuwa bado ya mawazoni. Machafuko yaliyozuka huko mwaka 2015, kufuatia azma ya Rais Nkurunziza ya kuwania muhula wa tatu, yaliwafukuza watu wengi nchini, na baadhi yao walipata hifadhi Rwanda. Upigaji filamu ukahamia Rwanda, na humo watayarishaji wakawakuta wasanii na vijana wa Kirundi walioikimbia nchi ile ile ambayo kisa kiliibuni. Uzeyman mwenyewe ni mzaliwa wa Rwanda. Waigizaji kama Cheryl Isheja, Eliane Umuhire na Bertrand Ninteretse hawakuja kutafsiri maneno ya mtu mwingine, waliyafinyanga.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika jina. MartyrLoserKing ni mchezo wa sauti juu ya jina la Martin Luther King, na mchezo huo hueleweka kwa sikio la Kiingereza. Katika filamu, mchimba koltani anayeasi baada ya ndugu yake kuuawa mgodini anaitwa Matalusa. Tulitazame jina hilo kama wanaisimu: Ma-ta-lu-sa, silabi nne, kila moja ikiishia kwa irabu. Ndivyo Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili vinavyopokea neno geni. Kejeli ya awali haijafutwa, lakini sasa msikilizaji wa Bujumbura analitamka jina bila kujikwaa, na ni Mmarekani anayehitaji kuelezwa limetoka wapi.

Katika filamu husikika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini kilikuwa kimeishi Kigali tangu enzi za ukoloni, hususan Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya wafanyabiashara na Waislamu, ambako kuitwa Mswahili hakukuwa sifa kila mara. Kwa hiyo, Kiswahili cha filamu hii hakikuletwa na sheria. Kimo kwa sababu watu wa kisa, wachimbaji na wakimbizi, ni wa aina ileile iliyokisafirisha katika Maziwa Makuu. Washauri wa sera wanaopima maendeleo ya lugha kwa mitaala na nyaraka za vikao pekee (na sisi watafiti tumewazoesha hivyo) hawana kipimo cha jambo hili.

Wala fasihi ya Kiswahili haina upungufu wa visa vya kufanyiwa kazi kama hiyo. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ina Dzombo, aliyehukumiwa kifo, akarushwa kwa chombo na kuibukia katika jamii ambayo jina lake, “wale ni sisi”, ndilo hoja ya riwaya nzima. Kazi ya namna hiyo haihitaji kufunuliwa kwa Kiingereza ili ivuke mipaka. Inahitaji mwandishi wa filamu aliyelipwa, haki za kazi zilizokubaliwa na warithi, na mji wenye vijana wanaozungumza lugha tatu au nne kwa siku. Kigali inacho hiki cha tatu tayari. Viwili vya mwanzo ndivyo mifuko ya utamaduni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuvigharimia.