Puli: Gurudumu la Mkanda na Maneno Yake

Puli ni gurudumu lenye mfuo mmoja au zaidi kwenye ukingo wake. Hufungwa kwenye shafti, kisha huuzungusha mkanda au huzungushwa nao. Katika injini ya gari, puli kubwa hukaa kwenye ncha ya krenki. Krenki ikizunguka, puli hiyo huvuta mkanda, na mkanda huzungusha puli nyingine zilizofungwa kwenye altaneta, pampu ya maji, kompresa ya kiyoyozi na, katika baadhi ya magari, pampu ya usukani. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na mwenzake wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wote wanalijua neno hili kwa maana hii.

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, hata hivyo, huweka mbele maneno mengine: kapi, roda, gofia. Ni maneno ya zamani na yana heshima yake, kwani yametoka baharini. Nahodha na mabaharia wa jahazi hupitisha henza kwenye gofia iliyo mlingotini ili foromali na tanga vipande juu. Roda ina asili moja na neno la Kireno lenye maana ya gurudumu. Kapi nalo limeingia darasani, ambako mwanafunzi wa fizikia hulisoma miongoni mwa mashine rahisi, pamoja na wenzo na mteremko. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama tuna maneno matatu ya kwetu, puli ya nini?

Jibu limo katika kazi ya chombo chenyewe. Kapi hufanya kazi na kamba, na kamba ina ncha mbili: moja ina mzigo, nyingine imo mkononi mwa anayevuta. Kapi moja hugeuza mwelekeo wa nguvu, na makapi kadhaa yakiunganishwa hupunguza nguvu ya kuinulia mzigo. Puli ya injini haiinui kitu. Mkanda wake hauna ncha, umejirudia mduara, na kazi yake ni kuhamisha mzunguko kutoka shafti moja hadi nyingine. Hapo kinachotawala ni kipenyo. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha milimita 150 na ya altaneta milimita 60. Kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, altaneta itazunguka mara 2.5. Injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta, kwa mizunguko 800 kwa dakika, altaneta inapata mizunguko 2,000, na ndiyo maana inaweza kuchaji betri hata gari likiwa limesimama kwenye foleni.

Kiingereza kimeziita mashine hizi mbili kwa jina moja. Mafundi wetu hawakufanya hivyo, na msimamo wangu ni kwamba wako sahihi: kapi libaki la kamba, puli iwe ya mkanda. Utengano huu unatusaidia hata katika sarufi. Wingi wa kapi ni makapi, neno ambalo kwa wasomaji wengi kwanza ni maganda ya nafaka iliyopepetwa. Puli haina utata huo, inakaa katika ngeli ya I-/ZI-: puli hii imelika, puli hizi zimelika.

Neno likishakubalika, linazaa majina mengine bila shida. Tunapata puli ya krenki, puli ya altaneta na puli ya pampu ya maji. Ile inayousukuma mkanda ili usilegee ni puli ya kukaza. Ile isiyoendesha kifaa chochote, bali inaonyesha mkanda njia ya kupita, ni puli ya kuelekeza. Hizi mbili za mwisho huzunguka juu ya beringi zao zenyewe, na mara nyingi ndizo zinazoanza kuchakaa.

Mkanda nao una jina linalohitaji kuangaliwa. Wengi bado huuita mkanda wa feni, kwa sababu katika injini za zamani ndio uliozungusha feni ya rejeta. Magari mengi madogo ya leo yana feni ya umeme, na mkanda huo hauigusi kabisa. Jina zuri zaidi lingekuwa mkanda endeshi, likiwa limeundwa kama tulivyounda mfumo endeshi wa kompyuta. Linautenga wazi na mkanda wa taimingi, ambao umejificha nyuma ya kava na una kazi nyingine kabisa. Katika injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana katika Probox na baadhi ya Vitz, taimingi huendeshwa kwa cheni. Mkanda wa nje ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji. Ukikatika, maji hayazunguki tena, na injini huchemka. Dereva anayedhani kimekatika kitu cha feni tu ataendelea na safari na kuharibu silinda hedi.

Utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika vitenzi. Nomino tumeikopa, lakini ugonjwa wa puli unaelezwa kwa Kiswahili kitupu, na kila kitenzi kina kipimo chake.

Puli hulika. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake mbili, wala hautakiwi kukanyaga chini ya mfuo. Mbavu za mfuo zikilika, mfuo hupanuka na mkanda huzama. Ukiona sehemu ya chini ya mfuo inang'aa, ujue mkanda umekuwa ukiigusa, na puli hiyo imekwisha. Kubadilisha mkanda pekee ni kupoteza fedha, maana puli iliyolika huula mkanda mpya upesi.

Puli hucheza. Ukiishika puli, injini ikiwa imezimwa, ukaitikisa nayo ikasogea huku na huku, beringi imekufa au puli haikukazwa. Ikionekana kuyumba injini inapozunguka, huenda imepinda, au mpira wake umeachia.

Puli hulia. Mlio mwembamba wa asubuhi, au unaopanda ukiwasha taa na kiyoyozi, kwa kawaida ni wa mkanda unaoteleza. Mngurumo mzito usiokoma hutoka kwenye beringi.

Puli huteleza, na hapa neno linataka uangalifu. Puli nyingi za krenki zimeundwa kwa sehemu tatu: kitovu cha chuma, pete ya mpira na pete ya nje ya chuma. Mpira huo hupunguza mtetemo wa krenki. Ukizeeka au ukilowa oili unaachia, na pete ya nje huteleza juu ya kitovu. Katika injini ambazo alama ya taimingi imechorwa kwenye pete hiyo, alama huhama nayo. Fundi atakayeitumia kurekebisha taimingi ataharibu kilichokuwa sawa.

Kubadilisha puli ya krenki ni kazi ya utaratibu. Ondoa waya wa negativu wa betri. Chora njia ya mkanda kabla ya kuutoa, kisha legeza puli ya kukaza. Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono na usikilize. Bolti ya krenki hukazwa kwa nguvu nyingi sana, hivyo krenki lazima ishikiliwe kwa kifaa chake. Kuwasha stata ili bolti ijilegeze yenyewe ni hatari kwa mikono ya fundi na kwa injini. Puli hung'olewa kwa pula, chombo kinachofungwa kwenye matundu ya kitovu. Ukivuta kwa pete ya nje utaukata mpira, na ukipiga nyundo unaweza kupinda puli au kuumiza beringi za krenki.

Puli ikitoka, tazama sili ya oili iliyo nyuma yake, kwa kuwa inayovuja italowesha mkanda mpya. Tazama pia kabari ndogo ya chuma inayozuia puli isizunguke peke yake juu ya krenki, pamoja na mfuo wake. Linganisha puli mpya na ya zamani: kipenyo, idadi ya mifuo na kina cha kitovu lazima vilingane. Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji, na kama mtengenezaji ameagiza bolti mpya, nunua mpya. Mwisho weka rula iliyonyooka kwenye nyuso za puli uone kama ziko katika mstari mmoja. Puli iliyopishana na nyingine huula mkanda upande mmoja hadi ukakatika au ukachomoka.

Kazi yote hiyo imeelezwa kwa Kiswahili, na maneno machache ya kukopa yamekaa katika lugha kama wenyeji. Watunzi wa kamusi na vitabu vya ufundi stadi waichukue puli kama istilahi kamili ya gurudumu la mkanda, waliachie kapi kazi yake ya kamba. Na pamoja na nomino hiyo waorodheshe vitenzi vyake: kulika, kucheza, kulia na kuteleza, kila kimoja na maana yake ya kiufundi. Nawe msomaji, siku utakapopeleka gari gereji, usiseme tu kwamba kuna kitu kibovu mbele ya injini. Taja puli ipi, na useme inafanya nini. Fundi atajua pa kuanzia, nawe utalipia kilichoharibika peke yake.