Nyumba za Mawe za Lamu

Miji ya kale ya mwambao wetu, tangu Pate na Lamu hata Gede na Kilwa, ilijengwa kwa vitu vitatu: jiwe la matumbawe, chokaa na mti wa mkoko. Vyote vitatu vilipatikana karibu na mahali pa ujenzi. Katika insha hii tutazame jinsi vitu hivyo vilivyoipa nyumba ya Lamu umbo lake la ndani, na sababu iliyofanya nyumba nyingine zidumu kwa miaka zaidi ya mia mbili, ilhali nyingine za jiwe lile lile zimekuwa magofu.

Ujuzi huo haukupatikana kwa siku moja. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alianza kuchimbua ardhi mwaka 1980. Ilionekana ya kuwa wakazi wa kwanza, katika karne ya 8, walijenga kwa miti na udongo. Msikiti wao ulijengwa upya mara kadhaa mahali pale pale, kwanza kwa miti, baadaye kwa mawe. Basi ujenzi wa mawe haukuteremshwa jahazini ukiwa kamili, kama wengine walivyodhani zamani. Ulikua hapa hapa, hatua kwa hatua.

Mawe yenyewe yalikuwa ya namna mbili. Matumbawe yaliyokatwa baharini huwa laini yangali na maji, hata fundi aweza kuyachonga apendavyo. Yakisha kukauka huwa magumu. Hayo yalifanywa miimo ya milango, matao na nakshi. Kuta zilijengwa kwa mawe yaliyochimbwa katika miamba ya kale ya matumbawe iliyo nchi kavu. Tena matumbawe yakichomwa juu ya rundo la kuni hugeuka chokaa. Chokaa hiyo ilizimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga, ikaunganisha mawe na kupakwa ukutani.

Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ikiwa ndefu mno haiwezi kuhimili uzito wa mawe na chokaa. Kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, vikifuatana toka uani: msana wa chini, msana wa juu, kisha ndani, chumba cha faragha. Kadiri mtu aendeleavyo ndivyo nuru ipunguavyo. Mafundi walizipiga kuta lipu nyeupe iliyolainishwa, nao ukuta wa nyuma wakaufanyia zidaka, yaani safu za vishubaka vyenye nakshi, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri vya China. Hivyo mti mfupi wa pwani ndio uliotoa kipimo cha chumba, na chumba chenyewe kikawapa mafundi nafasi ya kuonyesha ustadi wao.

Hata hivyo tusisahau ya kwamba nyumba hizo zilikuwa za matajiri. Watu wengi walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na aghalabu kazi nzito ya kukata mawe na kubeba boriti ilifanywa na watumwa. Ausifuye ukuta na awakumbuke walioubeba.

Wala jiwe peke yake halikumlinda tajiri. Katika utenzi wake Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyataja majumba ya Pate yaliyobaki matupu, na madaka yake yaliyokuwa makao ya vyombo vya thamani yakawa malazi ya ndege. Pate na Lamu zilijengwa kwa jiwe moja na chokaa moja. Tofauti ni kwamba majumba yale ya Pate yalihamwa, na ya Lamu yaliendelea kukaliwa. Mvua ilipobandua lipu, mwenye nyumba alipaka chokaa mpya. Boriti ilipooza, ilitolewa ikatiwa nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Waamu walikuwa na cha kuzibia karibu nao.

Katika karne ya 20 saruji ilienea, nayo ina manufaa mengi. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa zamani, huuzuia unyevu usitoke. Maji na chumvi hubaki ndani, na chokaa iliyo nyuma yake huliwa polepole, hali uso wa ukuta waonekana mzima.

Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo haiwezi kupaka lipu. Yahitajiwa vijana wajifunze kuchoma chokaa na kuchonga jiwe maadamu wako mafundi wa kuwafundisha. Pia yahitajiwa kiasi: matumbawe hai na mikoko ni makao ya samaki, na Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982. Kitu kilicho karibu nasi si lazima kiwe tele. Anayetaka nyumba idumu na achague kitu ambacho mjukuu wake ataweza kukipata na atajua kukitengeneza.