Kikundi Kinavyombadili Mtu: Historia Fupi

Katika kijitabu hiki katibu ameandika habari za miradi, na mweka hazina ameandika za fedha. Mimi nimepewa ukurasa wa historia. Nimeona nisirudie tarehe za mikutano, kwa sababu zimo kwenye daftari na anayezitaka atazipata. Nitaeleza jambo ambalo watu wametuuliza sana katika miaka hii kumi. Imekuwaje mwanamke ambaye peke yake hakuweza kuweka shilingi mia tano ikalala hadi asubuhi, akiingia kikundini ananunua hisa kila wiki, na biashara yake ni ile ile ya vitumbua?

Mimi si msomi, nimeishia darasa la saba. Lakini mtoto wa dada yangu yuko chuo, anasomea tabia za watu, yaani saikolojia, naye ndiye aliyenisomea haya ya ng'ambo. Ya hapa kwetu nayajua mwenyewe.

Wazee wetu walijua nguvu ya kikundi bila kusomewa. Wapare walikuwa na msaragambo. Ukiitwa kuchimba mfereji au kusafisha ndiva ya maji, watu walitoka, na ambaye hakutokea alijulikana. Upatu nao akina mama wameucheza tangu mama zetu hawajaolewa. Katika upatu hakuna mkataba wala mdhamini. Aliyekwisha kupokea zamu yake anaendelea kutoa, na si kwa kuogopa polisi, ni kwa kuwa kesho atakutana na wenzake bombani. Jirani zetu wa Kenya ya kati, miaka ya 1960 baada ya uhuru, walichangishana hivyo hivyo wakaezekeana nyumba kwa mabati, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka vikundi vyao vikaitwa vikundi vya mabati.

Sasa nije kwenye habari iliyonifanya niandike. Alikuwako mtu mmoja aitwaye Kurt Lewin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890. Hitler alipotwaa madaraka Ujerumani mwaka 1933, bwana huyu alihamia Marekani akafundisha chuo kikuu katika jimbo la Iowa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, nyama nzuri ilikuwa inapelekwa kwa wanajeshi. Serikali ikataka raia wale moyo, figo na tezi za ng'ombe. Akina mama wa kule walikuwa hawataki kabisa. Waliona ni vitu vya kutia aibu mezani, na harufu yake wakati wa kupika waliichukia. (Sisi tunaogombania figo buchani hapa tutacheka, lakini kila mahali na watu wake.)

Lewin na wenzake wakachukua vikundi sita vya akina mama wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, kila kimoja watu kama 13 hadi 17. Vikundi vitatu vilipewa hotuba. Mama aliyehutubia alieleza vizuri sana: faida za nyama hizo mwilini, bei yake, na jinsi zinavyosaidia nchi iliyo vitani. Aligawa na karatasi za mapishi, akasimulia namna familia yake mwenyewe ilivyozipenda. Vikundi vitatu vingine havikuhutubiwa. Akina mama waliulizwa: hivi wanawake kama sisi tunaweza kukubali vyakula hivi, na kinachotuzuia ni nini? Wakaongea wenyewe. Huyu akasema mume wake atagoma, yule akasema harufu, mwingine akasema watoto. Baada ya hapo ndipo mtaalamu akawaambia namna ya kuondoa hiyo harufu. Mwisho wakaulizwa nani atajaribu wiki inayokuja, anyooshe mkono.

Muda ulikuwa ule ule, dakika 45 kila upande. Baadaye wakafuatwa kuulizwa wamepika nini. Kati ya waliosikiliza hotuba, 3 tu kwa 100 walikuwa wamepika nyama ambayo hawajawahi kuipika. Kati ya waliojadiliana na kuamua pamoja, 32 kwa 100. Jamani, hotuba ngapi za kuweka akiba tumesikiliza katika kijiji hiki? Mabwana wanakuja na gari, tunapiga makofi, gari linaondoka.

Lewin alisema ni rahisi kuwabadili watu wakiwa kundi kuliko kumbadili mmoja mmoja, maana mtu peke yake anaogopa kwenda kinyume na desturi ya wenzake. Desturi ikihama, naye anahama nayo. Alifariki mwaka 1947. Mwaka 1955 mama mmoja mtafiti, Edith Bennett, alilijaribu tena jambo hilo kwa wanafunzi wa chuo, akagundua kwamba kule kunyoosha mkono hadharani si ndiko kuliko na nguvu. Chenye nguvu ni mtu kukata shauri, na kuona kwamba wenzake wengi wamekata shauri hilo hilo. Naomba mlikumbuke hili la mkono, nitalirudia.

Sanduku letu lenye kufuli tatu nalo lina asili yake. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akina mama katika eneo la Maradi, nchini Niger, vikaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Mbegu ile ndiyo iliyokuja kuzaa VICOBA hapa Tanzania. Funguo wanashika watu watatu tofauti, fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mtu anaondoka akiwa na hesabu kichwani. Watu hudhani kufuli ni za kuzuia mwizi. Mimi naona kazi yake kubwa ni kutukutanisha. Hakuna anayefungua peke yake, kwa hiyo kila wiki lazima mwenye kitumbua, mwenye genge na mwenye cherehani waonane, na kila mmoja aone mwenzake ameleta.

Lakini historia haisemi mazuri tu. Mwaka 1951 Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa mwalimu wa chuo Marekani, alitoa matokeo ya jaribio lingine. Alimkalisha kijana mmoja katikati ya wengine, akawaonyesha mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Kumbe wale wengine walipangwa kujibu vibaya makusudi. Katika maswali hayo, karibu theluthi moja ya majibu ya aliyetegwa yalifuata uongo wa wenzake. Robo tatu ya waliojaribiwa walifuata angalau mara moja. Robo moja hawakufuata hata mara moja. Alipowekwa mtu mwingine mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kulipungua sana. Na walioruhusiwa kuandika jibu lao kwa siri walifuata kidogo pia.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mwaka wetu wa tatu. Lilikuja pendekezo la kupandisha hisa kutoka elfu mbili hadi elfu tano. Tulikuwa 26, mikono 26 ikapanda, na vigelegele juu. Bibi yetu mkubwa, ambaye wote tunamwita Bibi wala sitamtaja kwa jina, akasimama akasema, “Wanangu, tupige kura ya punje.” Wengine walinung'unika kwamba jua linazama. Ikaletwa chungu yenye mdomo mwembamba. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Tulipomwaga yalitoka mahindi 11 na maharage 15. Watu wale wale, alasiri ile ile. Nawaambia pale palikuwa kimya hata kuku ungemsikia akiparua. Hisa ikabaki elfu mbili, na wenye uwezo wakaruhusiwa kununua hisa mbili hadi tano.

Angalieni kilichotokea kwa majirani zetu ambao hawakuwa na punje. Mpango wa watu watano watano kudhaminiana ulipata sifa kupitia Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyosimama kama benki mwaka 1983, na huko umeinua wengi. Lakini ule uliofika mtaani kwetu kwa jina la kausha damu ulichukua kudhaminiana ukaacha kujadiliana. Nimeona kwa macho akina mama wakimbebea mwenzao godoro na sufuria kwa sababu ya rejesho la wiki moja, na waliobeba ni wale waliokula pilau kwenye harusi ya binti yake. Hakuna hata mmoja wao aliyependa. Niliongea na wawili baadaye. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeona ni vibaya.

Mkutano mkuu wa mwaka huu una hoja moja nzito, kama tuanze kudhaminiana kwa mikopo ya nje ili tupate mashine ya kukamua alizeti. Najua wengi mnaitaka mashine, na mimi naitaka. Hoja itajadiliwa kwanza katika makundi ya watano watano, siku mbili kabla, na kila kundi lilete mashaka yake pamoja na matumaini yake. Kura itakuwa ya punje. Bibi miguu inamsumbua, lakini ameahidi kuja, na chungu ni ile ile, iko kwangu.