Jeraha Lisilofungwa Bandeji

Leo tuzungumzie jeraha lisiloonekana.

Ijumaa, Agosti 7, 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi walikatwa na vioo, kwa maana walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza. Vidonda vya mwili vilipona, lakini wapo waliobaki wakiruka kila tairi la matatu likipasuka. Huo si uchawi wala wazimu. Ni kiwewe, nacho kina tiba.

Mwaka 1987, mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani alianza kubuni tiba ya kusogeza macho. Mgonjwa hulikumbuka tukio kwa muda mfupi huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu, kushoto na kulia, tena na tena. Kumbukumbu haifutiki, ila makali yake hupungua. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii katika miongozo yake, kwa watu wazima na watoto pia.

Mama, mtoto akishtuka usingizini au akianza tena kukojoa kitandani baada ya ajali, moto au fujo, usimchape. Msikilize, wala usimlazimishe kusimulia. Tiba hii usiijaribu nyumbani. Uliza katika kituo cha afya upate mtaalamu aliyefunzwa.

Jeraha lisiloonekana nalo hupona.